Gari la Ukumbini

Doa la kwanza Mahfoudha alilidhani rangi. Lilikuwa kwenye sakafu ya ukumbi, karibu na gurudumu la mbele la gari, jekundu, na wiki nzima ile mumewe alikuwa akiipaka chesisi rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Akalitazama, mikono kiunoni. Kisha akaona la pili, na la tatu, na la nne lilikuwa juu ya mkeka wa kuswalia wenyewe.

"Yeslam," aliita. "Hebu njoo uitazame kazi yako."

Yeslam aliingia kutoka uani na brashi mkononi, miguu mitupu, kikoi amekikunja mpaka magotini. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu, mrefu, aliyekonda tangu sukari ilipomwingia. Akayatazama madoa.

"Rangi hiyo."

"Najua ni rangi. Nauliza yafanya nini kwenye mkeka wangu."

"Nitaifuta."

"Utaifuta na petroli, halafu tuswali tukinuka garaji. Wacha. Rudi kwenye kazi yako."

Alileta ndoo na kitambaa akapiga magoti. Madoa yalitoka kwa maji matupu, hata sabuni hakuifikia. Angetulia kidogo angejiuliza tangu lini rangi ya mafuta ikatoka kwa maji matupu. Lakini alikuwa amekasirika, na alipoona mkeka umetakata alishukuru, akaumwaga ule uwekundu kwenye shimo la uani na kwenda kuepua wali wake.

Gari lilifikaje ukumbini? Mtaa mzima wa Junda ulikuwa ukiuliza hivyo, wengine kwa kicheko. Yeslam alikuwa ametengeneza magari ya watu katika garaji moja ya Changamwe kwa miaka thelathini na minne, na hakuwahi kuwa na lake. Kila harusi, Mahfoudha alisimama nje ya ukumbi wa watu na buibui lake, akingoja kuulizwa kama ana wa kumrudisha nyumbani. Yeslam alipoacha kazi alianza kukusanya vipande: injini ya Morris kuukuu aliyoipata Mikindani, ekseli ya Austin, taa mbili za lori ambalo hakuna aliyekumbuka jina lake. Alitaka kuunda gari dogo, jepesi, la watu wawili, kama yale ambayo mafundi wa zamani walijiundia wenyewe: chesisi nyembamba, bodi ya bati la aluminiamu, bila paa, bila milango. "Nitakupeleka Mikindani kwa dadako," alimwambia mkewe, "na hatutamwomba mtu nafasi."

Mwanzoni vyote vilikaa uani. Halafu wezi wa vyuma chakavu waliruka ukuta, wakaichukua ekseli. Yeslam aliitafuta siku tatu, akaikuta kwa mnunuzi mmoja imekatwa katikati. Alirudi akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na chakula cha mchana hakukigusa. Hapo ndipo Mahfoudha alipomwonea huruma, akasema maneno ambayo baadaye angeyarudia moyoni mara nyingi sana.

"Lete ndani hivyo vitu. Ukumbi ni mkubwa na sisi ni watatu tu. Sharti langu ni moja, viatu vibaki mlangoni. Nyumba hii yaswaliwa."

Kwa hiyo viatu vilibaki mlangoni, kama siku zote. Vilikaa safu kwenye kizingiti, pua zikitazama nje, na Mwanarehema, aliyekuwa akiuza viazi vya karai upande wa pili wa njia, hakuhitaji kubisha hodi kujua nani yumo. Akiona ndara za rangi ya samawati, Mahfoudha yupo. Akiona viatu vyeusi vya kufungia, binti yao Rania amerudi kutoka shule anayofundisha. Akiona makubadhi makubwa ya ngozi, mzee yumo ndani na gari lake. Na wale waliocheka kwamba gari halitatoka walicheka bure, kwa sababu Yeslam aliupima mlango mara nne kabla ya kukata chuma cha kwanza. Lingepita na kubakisha vidole viwili kila upande. Kiti alikikata kwa upana wa mgongo wake, na pedali alizipanga kwa urefu wa miguu yake.

*

Alasiri ya siku ile ile ya madoa Yeslam alikaa kwenye bomba la uani kutawadha. Aliosha mikono, uso, akafika miguuni, na maji yaliyoteremka kutoka mguu wa kushoto yalikuwa mekundu. Akaunyanyua, akaupindua. Kwenye unyayo, chini ya kidole gumba, kipande cha bati la aluminiamu kilikuwa kimezama, kisichozidi ukucha kwa ukubwa. Akafuata koleo, akakivuta. Kilitoka, na hakusikia kitu.

Hapo aliogopa. Si damu iliyomtia hofu, bali ule utulivu wa mguu, uliokuwa umelala mkononi mwake kama wa mtu mwingine. Alitazama dirisha la jikoni. Mahfoudha alikuwa amempa mgongo, akikaanga. Yeslam alikifunga kidonda kwa kitambaa safi, akaingia chumbani kimya kimya, na kutoka chini ya kabati akatoa soksi za ngozi ambazo kakake alimletea kutoka Makka.

Soksi zile ni rukhsa ya dini. Mtu akizivaa akiwa na udhu, hana haja ya kuosha miguu kila swala, hupitisha tu mkono wenye maji juu ya ngozi. Lakini rukhsa ile ni ya siku moja na usiku wake kwa mtu aliye mjini kwake, kisha huzivua akaosha miguu upya. Yeslam aliyajua hayo tangu utotoni chuoni. Alijua pia kwamba mwenye kidonda ana njia yake ya kutawadha, na kwamba sheikh yeyote angemweleza. Lakini ili aelezwe ingebidi aseme ana kidonda.

"Leo umezikumbuka soksi za kakako," Mahfoudha alisema alipomwona.

"Sakafu ina baridi."

"Afadhali. Na mimi nitapumzika kufuta nyayo zako za mafuta."

Akamtilia chai isiyo na sukari, na Yeslam akanywa akiwa amesimama kando ya gari, mkono mmoja juu ya bodi. Siku tatu za kwanza alizivua soksi alfajiri, akasafisha kidonda na kubadilisha kitambaa. Siku ya nne kitambaa kilikuwa kimegandia na alikuwa na haraka, kwa kuwa breki zilikuwa zinamngoja. Siku ya tano hakuzivua. Akaendelea kuswali, na kila akisujudu aliona haya, kisha akiinuka aliirudia kazi.

*

Nguma, fundi wa kuchomelea, alikuwa Mgiriama wa Junda hapo hapo, mwenye kibanda chake barabarani. Ndiye aliyeunga kila kiungo cha chesisi ile. Vipande vya kuchomelea vilipelekwa kwake kwa mkokoteni, vikarudi vimepoa. Jumamosi moja, wiki ya tatu ya kidonda, alikuja na pedali ya klachi. Akatazama safu ya viatu, akayaona makubadhi, akavua buti zake akazipanga pembeni.

"Ami Yeslam, hujambo?"

"Sijambo. Umeileta?"

"Nimeileta. Leo utaikanyaga klachi yako mwenyewe."

Yeslam aliingia garini. Kukosa milango kulimrahisishia, maana siku zile alikuwa akiuburura mguu kidogo na kusema ni goti. Nguma akalala chini chali, akapitisha kebo, akakaza nati.

"Haya, kanyaga."

"Nimekanyaga."

Nguma alingoja. Kebo haikutikisika. "Kanyaga, Ami."

"Nimekwambia nimekanyaga."

"Kanyaga mpaka chini."

"Ndiyo iko chini hiyo, Nguma. Hebu angalia kebo yako vizuri."

Nguma aligeuza shingo akatazama juu, kwenye uwazi wa miguu. Pedali ilikuwa pale pale, haijaguswa. Mguu wa Yeslam ulikuwa umepita pembeni yake, umekandamizwa kwenye bati kwa nguvu zote, hata soksi ya ngozi imejikunja. Na kutoka pale mguuni harufu ilimshukia usoni. Kwa kuwa alikuwa amemzika babake aliyeoza mguu kwa sukari, Nguma hakuhitaji kuelezwa.

Alitoka chini ya gari polepole. Akaketi sakafuni, akajifuta mikono.

"Ami, vua hiyo soksi."

"Kwa nini?"

"Wajua kwa nini."

Yeslam aliangalia upande wa jikoni. Sauti ya Mahfoudha ilisikika ikimwambia Rania alete sahani. "Teremsha sauti," alisema. "Zimebaki siku kumi. Klachi hii, waya za taa, na petroli. Nimpeleke mara moja tu Mikindani, nirudi. Halafu nitakwenda hospitali mwenyewe kwa miguu yangu. Nikienda leo wataukata, na huu ndio mguu wa klachi."

"Siku kumi ni nyingi, Ami."

"Nguma, wewe ni ndugu yangu. Nimekula kwako na umekula kwangu. Niapie kuwa utanyamaza."

Nguma hakutaka kuapa. Lakini Rania aliingia na sinia la biriani wakati ule ule, akisema, "Ami Nguma, karibu chakula," na ili mzee aache kumtazama vile, Nguma alitikisa kichwa kukubali. Akala biriani ile na haikuwa na ladha yoyote kinywani mwake.

*

Alinyamaza siku nne. Alimweleza mkewe Margaret, na Margaret akamuuliza ni ndugu gani anayemwachia ndugu yake aoze. Siku ya tano asubuhi alikwenda. Makubadhi yalikuwa mlangoni. Hakuvua buti, alisimama nje ya kizingiti akamwita Mahfoudha.

"Mama Rania, nimekuja kuvunja ahadi. Mvue Ami Yeslam zile soksi."

"Soksi zina nini?"

"Mvue tu. Mimi nilijua tangu Jumamosi. Utanilaumu baadaye."

Mahfoudha aligeuka akarudi ukumbini. Yeslam alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari, kichwa kimeegemea nyuma, akitetemeka kwa homa katika joto la saa nne. Spana ilikuwa mapajani. Hakujua hata kwamba mkewe amepiga magoti kando yake. Soksi ya kulia ilitoka vizuri. Ya kushoto ilikataa, kisha ikaja na kitambaa chake, na Mahfoudha akageuza uso ukutani.

Alikumbuka ndoo, na maji mekundu aliyoyamwaga kwenye shimo, na jinsi mkeka ulivyotakata upesi.

"Rania," alisema, "mwite mtu wa tuktuk."

*

Hospitalini, ng'ambo ya daraja, walikaa kwenye benchi pamoja na watu wengine. Baada ya dakika chache waliokuwa karibu nao walikuwa wamesogea mpaka mwisho wa benchi, na mwanamke mmoja alijifunika pua kwa mtandio, akijifanya anakohoa. Mahfoudha aliona. Miaka yote alikuwa mwanamke ambaye nyumba yake inanukia udi toka njiani. Akaushika mkono wa mumewe akauweka juu ya paja lake, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata alipokuwa bibi harusi.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuangalia mguu, akaubonyeza kwa penseli, akauliza Yeslam anasikia nini, na Yeslam akasema hasikii kitu.

"Mama, mzee huwa anatembea bila viatu?"

"Ndani ya nyumba tu," alisema Mahfoudha.

"Na ndani amekatwa na nini?"

Rania ndiye aliyejibu. "Na bati. Kuna gari ndani. Baba aunda gari ukumbini."

Muuguzi aliyekuwa akiandika alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kukusudia, kisha akainamisha kichwa akasema pole. Mahfoudha alihisi kicheko kile kimempiga yeye. Mwanamke gani anaweka garaji katika nyumba yake, halafu anamkataza fundi kuvaa viatu?

"Tutalazimika kuukata," alisema daktari. "Chini ya goti. Leo, kama mtakubali."

"Vidole?" aliuliza Yeslam.

"Chini ya goti, mzee."

"Huu wa kushoto ndio wa klachi, daktari. Nipe wiki moja."

Daktari hakuelewa habari ya klachi. "Baada ya wiki moja, mzee, hatutakuwa tukizungumza habari ya mguu."

Waliletewa fomu. Yeslam aliitia saini mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa mtu aliyezoea kuandika orodha za vipuri, na chini ya kucha zake bado kulikuwa na rangi nyekundu. Kabla hajasukumwa kuingizwa ndani, Mahfoudha aliinama.

"Kwa nini hukuvaa viatu, Baba Rania?"

Kulikuwa na jibu, na wote wawili walilijua. Yeslam alimtazama akatabasamu kidogo.

"Nilisahau," alisema.

Wakamsukuma. Mahfoudha alibaki amesimama na zile soksi za ngozi ndani ya mfuko wa nailoni, na alijua kwamba amesamehewa kitu ambacho hakikusemwa. Uchungu wake ulikuwa mkubwa kuliko kama angetukanwa.

*

Jioni mhudumu mmoja aliuliza kama mguu utaachwa au utachukuliwa. "Twauchukua," alisema Mahfoudha. Kiungo cha Muislamu huzikwa. Hakina swala, hakina matanga, lakini hakitupwi. Ukafungwa kwa kitambaa cheupe, ukatiwa kwenye sanduku la katoni lililokuwa la dawa, na safari hii Rania ndiye aliyetia saini.

Asubuhi alikuja Safwan, msimamizi wa msikiti wa mtaa, kulichukua sanduku, kwa kuwa wanawake wa nyumba ile hawakuwa na desturi ya kwenda makaburini na Yeslam hakuwa na mtoto wa kiume. Alimkuta Nguma amekaa kwenye ngazi ya nyumba, jembe likiwa kando yake.

"Nami nakwenda," alisema Nguma.

Safwan aliutazama msalaba mdogo uliokuwa shingoni mwa yule fundi. "Ndugu yangu, huku ni kwetu."

"Siendi kuomba. Nakwenda kuchimba."

Safwan aliangalia mlangoni. Mahfoudha alikuwa amesimama ndani ya kizingiti, buibui limemfunika mpaka machoni, na aliinamisha kichwa kukubali. Wakaondoka wawili. Safwan alisimulia baadaye kuwa shimo lilihitaji kuwa fupi tu, lakini Nguma alichimba mpaka kiunoni, akikataa kupokezana jembe, na alipoambiwa inatosha alisema wezi wa vyuma hawachelewi kufukua. Safwan hakujua kama yule ni mzaha au ni kilio, akamwacha amalize.

Makubadhi yalikuwa bado mlangoni, yote mawili. Yeslam alikuwa amebebwa kwenda hospitali miguu mitupu. Siku ya pili Mwanarehema alivuka njia na sahani yake ya viazi, akasema kwa furaha, "Alhamdulillahi, mzee karudi." Mahfoudha alimweleza kuwa hajarudi. Mwanarehema alipoondoka, Mahfoudha aliinama akaliokota la kushoto, akaenda kulificha kabatini nyuma ya mablanketi. La kulia alilipeleka hospitali.

*

Yeslam alirudi baada ya wiki sita, alasiri, kwa magongo mawili. Rania alimshika kiuno. Alifika kizingitini akasimama, na kama alivyofanya maisha yake yote, akaanza kuvua kubadhi. Lilikuwa moja tu, la kulia. Kulivua ukiwa na mguu mmoja si jambo dogo, na Rania alitaka kuinama, lakini babake alimzuia. Alijiegemeza mlangoni, akalisukuma kwa gongo mpaka likatoka. Mahfoudha alikuwa tayari amepiga magoti mbele yake na ndara mpya mkononi.

"Hii ni ya ndani," alisema. "Daktari kasema huu uliobaki usiguse sakafu."

"Ndani ya nyumba?"

"Ndani ya nyumba. Hata ukumbini. Hata kwenye mkeka, ukitaka."

Akamvisha. Ndara haziuzwi moja moja, na ya kushoto ilikuwa imebaki kwenye kikaratasi chake. Yeslam aliitazama safu ya viatu pale chini: ndara za samawati, vya kufungia vya Rania, buti za Nguma, na kubadhi lake limelala peke yake.

"La pili liko wapi?"

"Nimeliweka."

Akaingia.

Nguma alikuwa akimngoja kando ya gari. Kwa siku zile zote alikuja kila alipofunga kibanda, akaunga waya za taa, akajaza mafuta, na pedali ya klachi akaing'oa. Mahali pake aliweka mkono wa chuma, wenye mpini wa mti aliousugua mpaka ukang'aa, karibu na usukani upande wa kushoto.

"Nimeihamisha, Ami. Magari mengine ya zamani yalikuwa hivi hivi. Kaa ujaribu."

Walimkalisha wote watatu. Nguma akalala chini chali, pale pale alipolala siku ile.

"Haya, vuta."

Yeslam alivuta. Kebo ilikaza, gia zikaachia, na sauti ndogo ya chuma ikasikika.

"Nimevuta," alisema.

"Naiona," alisema Nguma kutoka chini. "Wallahi naiona, Ami." Halikuwa neno lake lile, na sauti yake haikuwa sawa. Alitoka chini ya gari, akasema Margaret anamngoja, akazichukua buti zake mkononi na kwenda nazo hivyo hivyo mpaka njiani. Rania alimfuata kumsindikiza.

Yeslam alibaki garini. Alikuwa akiutazama uwazi wa miguu alioupima kwa miguu yake miwili, ambao sasa ulikuwa na mguu mmoja na suruali iliyokunjwa kwa pini. Mahfoudha alisimama kando ya bodi.

"Mimi ndiye niliyekuvua viatu," alisema. "Wiki sita nalala na neno hilo. Niseme nini mbele ya Mungu? Nilikuwa nachunga sakafu."

"Sikiza, Mahfoudha."

"Usinambie tena umesahau."

"Sikusahau. Kliniki ya sukari waliniambia, mwaka wa tatu huu sasa. Nisitembee miguu mitupu, hata chumbani, hata bafuni. Waliniandikia na karatasi. Nikairarua kabla sijafika nyumbani."

Mahfoudha alimkazia macho. "Na hukunambia?"

"Ungeninunulia ndara. Kila mgeni angeuliza mbona mwenye nyumba avaa ndara ndani na sisi twavua, nawe ungewajibu, mgonjwa. Sikutaka niwe mgonjwa katika nyumba yangu." Aliugusa mpini wa mti. "Wewe uliniambia nivue viatu. Hukuniambia nifiche kidonda."

Mahfoudha alikuwa amengoja wiki sita kusikia kwamba kosa si lake, na alipolisikia neno hilo halikumpunguzia kitu. Aliona tu miaka mitatu, na mumewe akifika mlangoni kila siku na kuvua, akijua, na yeye yuko jikoni hana habari. Akalia kwa sauti, uso juu ya bati la gari, na Yeslam akaweka mkono juu ya kichwa chake. Yeye mwenyewe alikuwa analia, lakini polepole, kama mtu aliyechoka.

"Hata hivyo tutakwenda Mikindani," alisema Mahfoudha alipoweza.

"Wataka kwenda na dereva wa mguu mmoja?"

"Nataka."

"Si leo," alisema Yeslam. "Sijui lini. Leo nataka ulirudishe lile kubadhi mlangoni. Moja peke yake lafanana na kitu kilichookotwa na mbwa. Watu wakipita wadhani nini?"

Mahfoudha alijifuta kwa ncha ya kanga, akaenda chumbani, akayaondoa mablanketi. Kubadhi la kushoto lilikuwa na vumbi la kabati, na ngozi yake ilikuwa bado imebonyea mahali pa vidole. Alilipangusa. Akalipeleka mlangoni, akaliweka karibu na la kulia, pua zikitazama nje, kisha akalisogeza kidogo ili yalingane.

Upande wa pili wa njia Mwanarehema aliinua kichwa kutoka kwenye karai lake.

"Mama Rania," aliita, "nayaona makubadhi ya mzee. Karudi?"

Mahfoudha alisimama, mkono ukiwa kwenye fremu ya mlango.

"Karudi," alisema. "Yumo ndani."